Nilitia Saini Kabla ya Kutazama Ramani

Treni ilinishusha Dannenberg Ost, kaskazini mwa Ujerumani, jioni ya Jumapili, tarehe 27 Agosti 2023, kisha ikazima injini. Mimi ni mtoto wa Kilosa, mji uliokua kwa ajili ya reli, na katika akili yangu treni ikisimama ni kwamba inapumua tu kabla ya kuendelea. Hii haikuendelea. Abiria watano walioshuka nami walichukuliwa na magari yaliyokuwa yakiwangoja, na baada ya dakika chache nilibaki na masanduku mawili, upepo wa jioni na ratiba ya mabasi iliyobandikwa ukutani, ambayo safu yake ya Jumapili ilikuwa karibu tupu. Neno “Ost” maana yake ni mashariki, kwa hiyo nikajiaminisha kwamba upande wa magharibi lazima kuna kituo kikuu chenye watu na maduka. Niliburuta masanduku hayo kwa nusu saa nikikitafuta kituo ambacho hakipo.

Chumba nilichokuwa nimekodi kilikuwa kijijini, kilomita 14 kutoka hapo. Teksi iliyonifikisha saa nne usiku ilinigharimu yuro 45, na hiyo ilikuwa ada yangu ya kwanza ya kutokujua jiografia. Ada nyingine zilifuata, na naziandika hapa kwa ajili ya wenzangu wanaojiandaa kwenda Ujerumani kusomea uuguzi, kwa sababu wengi wetu hatupelekwi Berlin wala Hamburg. Tunapelekwa mahali ambako wauguzi hawatoshi, na mara nyingi mahali hapo ni wilaya ya vijijini ambayo hujawahi kuisikia.

Nianze na kosa lililozaa mengine. Mkataba wangu wa mafunzo ya miaka mitatu ulitaja mahali pa kazi kuwa “Landkreis Lüchow-Dannenberg, Niedersachsen”. Wakala aliyeniunganisha na mwajiri alisema ni karibu na Hamburg, kama saa mbili hivi. Kutokana na ile alama ya kistari nilidhani Lüchow-Dannenberg ni mji mmoja wenye jina refu. Nilikuwa nimeshatumia miezi kumi na minne na takriban shilingi milioni sita kwa kozi ya Kijerumani, mitihani, tafsiri za vyeti na viza, na mtu aliyefika hapo haoni tena sababu ya kuuliza maswali. Anaona mstari wa kutia saini tu. Nilisoma kwa makini kipengele cha mshahara, ambao kwa mwaka wa kwanza ulikuwa kama yuro 1,190 kwa mwezi kabla ya makato, na kile cha likizo. Mahali niliparuka.

Neno “Landkreis” ndilo ningepaswa kulielewa kwanza. Ni wilaya, lakini si mji, na mkuu wake hateuliwi na rais kama kwetu, bali huchaguliwa kwa kura za wakazi. Chini ya wilaya kuna miji midogo na vijiji vilivyojikusanya katika vikundi vinavyofanana kiasi na tarafa zetu. Lüchow-Dannenberg ina vikundi vitatu vya aina hiyo, navyo ni Elbtalaue, Gartow na Lüchow. Mgawanyo huu si habari ya darasani. Kujiandikisha makazi, jambo ambalo sheria inakutaka ulifanye ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia, hufanyika katika ngazi ile ya chini. Kibali cha ukaazi, leseni ya udereva na usajili wa gari hushughulikiwa na wilaya yenyewe, ambayo makao yake makuu yako Lüchow. Mimi nilichukua ruhusa ya nusu siku kazini, nikaenda Dannenberg na mafaili yangu kuomba kibali cha ukaazi, nikaelezwa kwa upole kwamba nimekuja mlango usio wangu. Kutoka Dannenberg hadi Lüchow ni kilomita zipatazo 20, na treni za abiria kati ya miji hiyo miwili zilikoma miaka ya 1970. Siku hiyo iliishia hapo.

Kinachochanganya zaidi ni kwamba magari ya wilaya nzima yana namba zinazoanza na DAN, yaani Dannenberg, ilhali ofisi ziko Lüchow. Sababu yake ni ya kihistoria. Prussia, dola kubwa ya Kijerumani ya wakati ule, iliyoutwaa ufalme wa Hannover mwaka 1866, iliunda hapa wilaya mbili mwaka 1885, ya Dannenberg na ya Lüchow. Mwaka 1932 zikaunganishwa kwa jina la Dannenberg, na jina la pamoja la Lüchow-Dannenberg likaja mwaka 1951. Kile kistari nilichokidharau kwenye mkataba kilikuwa kinaeleza ndoa ya wilaya mbili.

Ukubwa wake ni zaidi kidogo ya kilomita za mraba 1,200, na wakazi hawafiki 50,000. Hakuna wilaya nyingine ya aina hiyo Ujerumani nzima yenye watu wachache kiasi hicho, na kwa Dar es Salaam zipo kata zinazoizidi peke yake. Hakuna barabara kuu ya mwendo kasi inayopita ndani yake. Mto Elbe unaipakana kaskazini-mashariki. Mto mdogo wa Jeetzel unatoka kusini, unapita Lüchow na Dannenberg na kuingia Elbe katika mji wa Hitzacker. Magharibi kuna vilima vya Drawehn, kaskazini-magharibi msitu mkubwa wa Göhrde, na katikati nyanda za chini zenye majani, mitaro na ng'ombe. Mtu wa kwetu anayetarajia milima atasikitika. Mimi nilikuja kuipenda nchi hii mwezi wa Machi, nilipowaona korongo weupe wakirejea kwenye matundu yao juu ya mapaa. Mwenye nyumba wangu, mama wa miaka sabini na kitu, aliniambia kwamba ndege hao huenda Afrika wakati wa baridi. Nikamjibu kwamba najua, kwa kuwa wengine hupita kwetu, na kwamba wao wanasafiri bila viza. Alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini kabla ya Machi kulikuwa na Septemba hadi Februari, na hapo sina la kuchekesha.

Zamu ya asubuhi huanza saa kumi na mbili. Kilomita 14 za kwenda kazini, nilipokuwa Tanzania, nilizihesabu kama kutoka Kimara hadi Kivukoni, safari ambayo mwendokasi huimaliza hata kama umebanwa kama dagaa. Kwenye ramani ya simu zilikuwa sentimita mbili. Sikujua kwamba mabasi ya vijijini huku yamepangwa kufuata ratiba za shule, kwamba la kwanza lingenifikisha kazini saa moja na nusu, na kwamba shule zikifungwa mengi hayaendi kabisa. Lipo basi la kuita kwa simu, ambalo huja tu ukiwa umepiga mapema kutoa taarifa, na kumpigia mtu simu kwa Kijerumani cha darasani, naye anakujibu kwa lafudhi ya kaskazini, ni mtihani kuliko ule niliolipia. Nilikuwa nimenunua tiketi ya mwezi ya nchi nzima, ambayo wakati huo ilikuwa yuro 49, nikidhani nimemaliza suala la usafiri. Tiketi ninayo, basi la kupanda ndilo lililokosekana.

Kwa miezi miwili mwenzangu wa kazini alinichukua kwa gari lake. Alipohamishiwa zamu nyingine nilinunua baiskeli ya mtumba kwa yuro 120, nikawa natoka saa kumi na nusu alfajiri, gizani, kati ya mashamba, kwenye baridi inayouma masikio. Usiku mmoja wa Desemba nilianguka kwenye barafu karibu na daraja na kukaa chini nikilia, si kwa maumivu, bali kwa sababu nilitazama pande zote nisione hata taa moja. Mwisho wa mwezi huohuo mto Elbe ulijaa. Hitzacker, mji niliousoma kwamba ulizama mwaka 2002 na tena 2006, sasa una ukuta wa kuzuia maji, na ukuta huo ulifanya kazi yake. Ila mitaro ya kwetu kijijini ilijaa pia, njia yangu ya baiskeli ikageuka bwawa, na Krismasi yangu ya kwanza ugenini niliila chumbani kwa ugali wa unga ulionunuliwa Hamburg na sukuma ya kugandishwa ambayo haikuwa sukuma.

Suluhisho lilikuwa gari, na hapo nikafanya kosa la pili kwa ukubwa. Nilikuwa na leseni ya Tanzania. Leseni hiyo inakubalika Ujerumani kwa miezi sita tangu uhamie, na baada ya hapo huruhusiwi kuendesha nayo. Nilisikia “miezi sita” nikapumzika. Nilipaswa kusikia kwamba katika miezi hiyo sita ndipo unapoanza kuomba ya Kijerumani, kwani maombi yanataka tafsiri ya leseni, kipimo cha macho na cheti cha huduma ya kwanza, na majibu huchukua wiki nyingi. Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo leseni zao hubadilishwa bila mtihani, kwa hiyo utafanya mtihani wa nadharia na wa barabarani. Lakini mwenye leseni halali halazimiki kuanza upya masomo yote ya lazima kama anayejifunza mara ya kwanza, na hapo unaokoa fedha nyingi. Nadharia unaweza kuifanya kwa Kiingereza, Kifaransa au Kiarabu kati ya lugha kadhaa, Kiswahili hakimo. Mimi nilianza katika mwezi wangu wa tano huku, miezi sita ikapita nikiwa sijafanya mtihani wowote, nikarudi kwenye baiskeli. Mtihani wa barabarani nilifeli mara ya kwanza ndani ya kijiji, kwa kanuni ya kumpisha anayetokea kulia pale ambapo hakuna alama yoyote. Kwa jumla nilitumia yuro 1,640. Ningehama kijijini na kukodi chumba Dannenberg kwa yuro 80 zaidi kwa mwezi, nisingehitaji gari mwaka ule wote. Hesabu hiyo niliipiga nikiwa nimeshalipa.

Ni baiskeli hiyohiyo, hata hivyo, iliyonifungulia macho. Kila nilipopita niliona mbele ya mashamba mbao mbili zilizopigiliwa kwa umbo la X na kupakwa rangi ya manjano. Nikahitimisha kwamba ni msalaba wa mtakatifu fulani na kwamba wenyeji ni wacha Mungu. Mwezi wa pili nilimpongeza mwenye nyumba kwa imani ya kijiji chake, nikiuelekeza mkono kwenye X iliyokuwa ukutani kwa ghala lake. Aliniangalia kwa muda, akaweka maji ya chai jikoni, na hatukuinuka mezani mpaka saa sita usiku.

Tarehe 22 Februari 1977, waziri mkuu wa jimbo la Niedersachsen, Ernst Albrecht, alitangaza kwamba Gorleben, kijiji kilicho kando ya Elbe katika wilaya hii, kimechaguliwa kuwa mahali pa kuweka taka za nyuklia. Chini ya ardhi ya Gorleben kuna mlima wa chumvi uliofukiwa, na chumvi ilidhaniwa kuwa inaweza kuzihifadhi taka hizo milele. Wenyeji waliamini kwamba sababu nyingine haikutajwa: wilaya ilikuwa maskini, yenye watu wachache, na imezungukwa pande tatu na Ujerumani Mashariki, hivyo nani angepiga kelele? Walipiga kelele. Mwezi Machi 1979 wakulima waliendesha matrekta yao mpaka Hannover, makao makuu ya jimbo, na huko wakapokewa na watu wapatao 100,000. Mei 1980 waandamanaji walijenga kijiji cha mbao juu ya mahali palipokusudiwa kuchimbwa, wakakiita Jamhuri Huru ya Wendland, kwa jina la eneo hili, wakakipa bendera yenye jua la rangi ya chungwa na hata hati zake za kusafiria, wakaishi humo siku 33 mpaka polisi walipokibomoa tarehe 4 Juni. Kuanzia 1995 hadi 2011 makontena ya taka yalikuja kwa treni hadi Dannenberg, yakapakiwa kwenye malori na kupelekwa Gorleben yakilindwa na maelfu ya polisi, huku watu wakikaa kwenye reli na barabara kuyazuia. Siku ya kuwasili makontena iliitwa Siku ya X. Mbao za manjano zilitoka huko.

Mwenye nyumba wangu alikuwa amekaa kwenye reli zilezile zilizonileta. Alisema hakuna hata mwaka mmoja waliodhani watashinda. Septemba 2020, miaka 43 baada ya tangazo lile, Gorleben iliondolewa kwenye orodha ya maeneo yanayochunguzwa kwa ajili ya kuzika taka hizo. Makontena 113 yaliyokwisha kuletwa bado yamo ghalani juu ya ardhi, na X bado ziko ukutani.

Baada ya usiku ule nilielewa mambo mengi ya kazini ambayo awali niliyachukulia vibaya. Wazee niliokuwa nikiwahudumia walikuwa wakali kwa chochote kilichotoka “juu”: fomu mpya, ratiba mpya, mkaguzi. Nilidhani wananichukia mimi. Kumbe mtu akikuambia katika wilaya hii kwamba hatasaini mpaka aelezwe vizuri, anazungumza kwa uzoefu wa miaka arobaini. Ushauri ninaoutoa kwa anayekuja kufanya kazi ya uuguzi, hasa wa wazee, ni kwamba historia ya mahali ni sehemu ya kazi yenyewe. Mgonjwa aliyesahau jina la mwanawe anaweza kukumbuka daraja.

Daraja nasema kwa makusudi. Usiri wa kazi unanizuia kusimulia habari za mtu mmoja mmoja, lakini waliokuwa watoto mwaka 1945 walirudia jambo moja: mlio wa mabomu ya Aprili yaliyovunja madaraja ya Dömitz, mji ulio ng'ambo ya Elbe, la reli na la barabara. Reli iliyokuwa ikivuka Elbe kwenda mashariki ilikatika siku hizo, na mto ukawa mpaka, kwanza kati ya majeshi yaliyoishinda Ujerumani, kisha kati ya nchi mbili. Jamaa waliotenganishwa na maji ya mita mia chache waliishi hivyo kwa miongo minne. Daraja la barabara lilijengwa upya na kufunguliwa mwaka 1992. La reli halikujengwa tena. Mabaki yake ya chuma na mawe yamesimama upande wetu mpaka leo, yakiishia hewani. Nilipoyaona ndipo nilipojibiwa swali la jioni ile ya kwanza, kwamba kwa nini treni yangu iliishia Dannenberg.

Kuna tabaka la zamani zaidi. Eneo hili huitwa Wendland, nchi ya Wawendi, jina ambalo Wajerumani waliwapa Waslavi waliokuwa majirani zao. Ndiyo maana vijiji vina majina yanayoishia na -ow, -itz na -in, na w ya mwisho katika -ow haitamkwi. Nilitamka “Lukhov” kwa wiki tatu bila mtu kunisahihisha. Katika nyanda za chini vijiji vingi ni vya mviringo: nyumba kubwa za mbao na matofali zimepangwa kama kiatu cha farasi, zote zimeelekeza nyuso zao kwenye uwanja mmoja wa kati, na njia ya kuingilia ni moja. Satemin, Schreyahn na Lübeln ni mifano mizuri, na Lübeln kuna makumbusho yanayoeleza habari hizo. Mara ya kwanza nilipoingia kimoja kwa baiskeli nilizunguka uwanja mzima nikitafuta njia ya kutokea, huku mapazia yakitikisika.

Wawendi walikuwa na lugha yao. Mnamo 1725 mkulima wa kijiji cha Süthen, Johann Parum Schultze, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba yeye na watu wengine watatu wa kijijini pake watakapoondoka, hakuna atakayejua mbwa huitwaje kwa Kiwendi. Kabla ya karne hiyo kwisha lugha ilikuwa imekufa. Nilipoisoma habari hiyo nilijaribu kukumbuka mbwa huitwaje kwa Kisagara, lugha ya bibi mzaa mama, na ilinibidi kumpigia mama simu. Mama naye alisita kabla ya kujibu.

Aliyenisukuma kwenye kisa cha mwisho ni mjomba, mwalimu mstaafu wa historia, ambaye kila Jumapili hunipigia.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, hapo ulipo jirani zako ng'ambo ya mto ni akina nani?”

Nikamtajia miji: Dömitz, Lenzen, Neuhaus.

“Neuhaus ipi? Ya Elbe?” Kimya. “Unajua nani alizaliwa hapo?”

Sikujua. Mtoto wa mchungaji wa Neuhaus, aliyezaliwa tarehe 27 Septemba 1856, ni Carl Peters, ambaye shule zetu zinamfundisha kwa jina la Mkono wa Damu. Novemba 1884 alifika Usagara na karatasi zake, na huko Msovero, ndani ya Kilosa yetu, Chifu Mangungo akaweka alama yake kwenye mkataba wa lugha asiyoijua, akidhani ni wa urafiki. Februari mwaka uliofuata karatasi hizo na nyinginezo za Uzigua, Nguru na Ukami zikapewa hati ya ulinzi ya serikali ya Ujerumani, nasi tukawa koloni. Kila Mtanzania akitaka kuusema mkataba mbovu huutaja wa Mangungo.

“Basi wewe,” mjomba alisema, “umetoka Usagara, umesaini karatasi ya Kijerumani bila kutazama ramani, ukaenda kuishi ng'ambo ya mto kwa Peters. Mangungo angalau hakuwa na intaneti.”

Nilicheka, lakini usingizi ulichelewa kuja.

Mwezi wa Juni 2024 nilikwenda. Kutoka upande wetu, kijiji cha Neu Darchau, kivuko hubeba magari na baiskeli kuvuka Elbe. Daraja mahali hapo limebishaniwa kwa miaka mingi, na maji yakipungua sana kivuko husimama. Upande wa pili ni Amt Neuhaus, eneo ambalo kwa karne nyingi lilikuwa chini ya Hannover, likaangukia upande wa Warusi mwaka 1945 na kurejea Niedersachsen mwaka 1993, sasa likiwa katika wilaya ya Lüneburg. Niliendesha kati ya mashamba, jua kali, hakuna mtu. Neuhaus ni mji mdogo wa nyumba za matofali, kanisa, duka la mkate. Sijui nilitarajia nini. Niliketi karibu na kanisa nikala mkate wangu, na mzee aliyepita na mbwa akaniambia “Moin”, salamu ambayo huku hutolewa kutwa nzima. Mwanzoni niliidhania kuwa ya asubuhi tu, nikawa nawasahihisha watu jioni. Aliniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akasema ni nchi nzuri, amewahi kuiona kwenye televisheni, wanyama wengi. Nilisita kama nimwambie. Nikamwambia: mtu wa hapa alikuja kwetu zamani na mikataba. Alilijua jina kabla sijalitaja, na akatazama chini. Akaniuliza kama mimi nimekuja na mkataba pia. Ndiyo, nikasema, wa miaka mitatu, wa kuwahudumia wazee. “Hoffentlich ein besserer,” akajibu, yaani tunatumaini ni bora kuliko ule, akamvuta mbwa wake wakaenda. Nilimtumia mjomba picha ya kanisa. Alijibu kwa neno moja: “Sawa.”

Wiki iliyopita binti wa Handeni aliyepata namba yangu kwa mtu alinitumia mkataba wake. Mahali pa kazi pametajwa wilaya hiihii. Nilimwekea alama kwenye ramani: mahali kituo chake cha kazi kilipo, mahali treni inapoishia, Lüchow kwenye ofisi za kibali, na kijiji cha mviringo alichopata chumba cha yuro 290. Nikamwambia aitafsiri leseni yake sasa hivi akiwa bado nyumbani, amwombe mwajiri amthibitishie kwa maandishi zamu za asubuhi zinaanza saa ngapi, na asitume malipo ya chumba mpaka ajue basi la kwanza linapita saa ngapi siku ambazo shule zimefungwa.

Alisoma akanyamaza kama saa nzima. Kisha akauliza: “Dada, hilo basi la alfajiri lipo kweli?”

Nikamwandikia: halipo, tafuta chumba Dannenberg.

Na zile X za manjano, akauliza, ni kanisa gani?